Bolti Iliyobaki

Siku ya mashindano nilimdanganya tonton. Nalitanguliza hili kwa sababu najijua: nikianza na mengine nitayapamba mpaka uongo wangu uonekane mdogo, na haukuwa mdogo. Ulimfanya alale chini ya gari lake siku tatu akitafuta ugonjwa ambao haukuwamo, na gari hilo ndilo lililolisha nyumba yake.

Tonton ni kaka mdogo wa mama. Wao ni watu wa mto, wa Yanonge, na ufundi alijifunzia kwenye injini za mashua za mbao zinazoleta ndizi na samaki wa kukaushwa Kisangani. Baadaye alipata gari dogo la Kijapani, usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayotufikia kutoka mashariki, akaligeuza taxi. Papa, baba yangu, ni mtu wa Butembo, muuzaji wa jumla: sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia. Mali yake ilikuja kwa kamyo, yaani malori, kupitia Bafwasende. Vita vilipozidi kule kwao alikwenda kusimamia mizigo mwenyewe, na njia ikafungwa akiwa upande wa pili. Simu yake ikinyamaza siku mbili, mama alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Mimi niliendesha magari.

Niliyaendesha sebuleni. Usukani ulikuwa wa mchezo wa kompyuta, wa plastiki, ambao papa aliuona Kampala akauficha kati ya katoni za sabuni, zawadi yangu ya kufaulu mtihani wa serikali. Pedali ya breki ilifika imevunjika. Tonton aliitengeneza kwa mpira wa ndani wa gurudumu la kamyo, vipande vitatu vimelaliana, ngumu kiasi kwamba nikikanyaga kwa nguvu kiti changu cha plastiki kilirudi nyuma mpaka ukutani. Nikakifunga kwa kamba kwenye miguu ya meza. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ya duka la papa. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video za madereva kwenye simu, nikizisimamisha kila sekunde kuona mikono yao iko wapi, kisha nikaandika katika daftari.

Umeme wa mji wetu huja unapotaka, kwa hiyo nilitegemea jenereta ya duka. Jumatano na Jumamosi mama alinipa chupa moja ya soda iliyojaa petroli. Chupa moja ilitosha karibu saa nzima, kisha skrini ilizimika bila kuaga, hata kama nilikuwa katikati ya kona. Njia ilipofungwa petroli ikaadimika mjini, chupa ikawa nusu chupa.

Hapo ndipo nilipoharibika. Kwa nusu chupa, niliona ni dhambi kuchoma petroli kwenye mzunguko wenye kosa. Kibodi niliiweka juu ya kigoda upande wangu wa kushoto, karibu na paja, na kitufe cha kuanza upya kilikuwa pale pale chini ya kiganja. Gurudumu likigusa majani tu, nilipiga kofi kwa mkono wa kushoto, na gari lilirudi kwenye mstari mweupe likiwa safi kama halijawahi kukosea. Kofi, mstari mweupe. Kofi, mstari mweupe. Kuna Jumamosi nusu chupa iliisha sijamaliza hata mzunguko mmoja, na niliinuka dhamiri yangu imetulia: sikuwa nimekubali kosa lolote.

Mchezo ule huhifadhi mzunguko wako bora na kukuonyesha kama gari la kioo linalokimbia mbele yako. Nililiita kivuli. Sikushindana na mtu mwingine. Nilimfukuza yule aliyekuwa mimi wiki iliyopita, na nilimwogopa, maana yeye hakukosea kamwe. Daftarini niliandika mizunguko safi peke yake. Ukurasa ukipata doa la wino niliuchana na kuunakili upya.

Yakatokea mashindano ya mtandaoni ya vijana. Mzunguko mmoja tu: unaurekodi nyumbani, unautuma. Nikatoka wa pili. Tonton alichapisha orodha ya washindi, akaibandika ndani ya taxi, na abiria hakushuka kabla ya kuonyeshwa.

"Soma hapa. Njo mutoto ya dada yangu," alisema, na "njo" kwetu ni "ndiye" au "ndiyo".

Wale kumi wa kwanza tukaitwa kwenye mbio zenyewe, mizunguko ishirini, wote kwa pamoja. Mtandao wangu ulikatika mzunguko wa tatu. Watu walinipa pole nami nikaipokea. Lakini kabla haujakatika nilikuwa nimeshapanda ukingo wa kona, nikapiga kofi, na kofi halikufanya kitu, kwa sababu katika mbio za pamoja hakuna kuanza upya. Nilikaa katikati ya barabara nikipiga kitufe huku wengine wakinipita kulia na kushoto. Mtandao ulipokatika nilishukuru. Hilo sikumwambia mtu yeyote.

Basi watu wote waliamini kwamba mtandao ndio ulionizuia, na kwamba nikipewa gari la kweli wataona. Mafundi na madereva wa taxi walipoanza kupanga mbio katika shamba la zamani la michikichi, nje ya mji kwenye njia ya Bafwasende, tonton alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, kamba zikiwa bado zimefungwa.

"Bon. Miye niko na miaka, mugongo inauma. Ataendesha yeye."

Mama aliacha kuchambua mchele. "Na mutuka ikivunjika, batoto yako batakula nini? Volan?" akauliza, akiuonyesha usukani wangu kwa kidole.

"Dada, mutoto iko wa pili. Wa pili! Unajua bantu ngapi iko nyuma yake?"

"Nyuma yake iko ukuta ya salon yangu. Njo anagongaka kila siku."

Tonton alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha akanigeukia, na hapo hakuwa anacheka. "Kushinda, kushindwa, kwangu iko sawa. Lundi mutuka itoke kazi. Unasikia? Lundi. Ikitoka, mbio zote zenye kuja ni zako."

Nikasema ndiyo, Jumatatu gari litatoka kwenda kazini.

Wiki mbili alinipeleka shambani alfajiri kabla ya kuanza kazi. Niligundua kwamba sebuleni macho ndiyo yaliyoendesha, na kwamba garini makalio hujua mambo kabla ya macho. Gari liliinama, likavuta, likasukuma, likanuka. Udongo mwekundu ulikuwa mkavu upande mmoja wa mti na utelezi upande wa pili. Kwenye mchezo nilibadilisha gia kwa vidole, nyuma ya usukani. Hapa ilinibidi niondoe mkono wa kushoto kabisa na kushika fimbo ya gia, kushoto kwangu, karibu na paja. Nilijifunza haraka. Tonton alihesabu kwa saa ya simu yake na kupiga mluzi. Nilipokosea tulikuwa peke yetu, kwa hiyo nilisimama, nikarudi pale tulipoanzia, nikaanza tena. Alidhani ni bidii.

Ruhusa ya mbio ilikuwa Jumamosi, mpaka saa sita mchana. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa kabla ya shamba, na tulipita mmoja mmoja, boneti wazi. Vita vilikuwa mbali nasi kwa hesabu ya kilomita tu. Madarasa ya shule ya jirani yalikuwa yamejaa watu waliokimbia, na baadhi yao walikuja kutazama, wakikaa kwenye vigogo vya michikichi na watoto mgongoni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma aliniambia alitembea wiki mbili porini, na kwamba leo alitaka kusikia kelele ambayo si ya kukimbiwa. Nilitaka kumjibu jambo zuri. Nilikwenda kutapika nyuma ya mti.

Tulikuwa magari saba, mizunguko sita. Dereva wa gari jekundu, mwanaume wa kofia, aliinama dirishani kwangu.

"Weye njo wa kucheza télé? Leo télé iko na udongo."

"Mwache," tonton akasema. "Utamuona mugongo tu."

Na kweli, mizunguko mitatu alinitazama mgongo. Mpaka leo nikifumba macho naiona mizunguko ile, safi, mmoja ukikaa juu ya mwenzake. Sikuwa na furaha. Nilikuwa na hofu iliyokuwa ikienda vizuri. Nilikuwa wa pili, na mbele yangu, mahali ambapo palikuwa na gari la kweli, mimi niliona kivuli changu.

Mzunguko wa nne ulinikuta kwenye kona ya mchikichi uliovunjika. Watazamaji walitaka kuvuka kwenda upande wa kivulini, na kwa kuwa kulikuwa na matope, walifanya kama watu wafanyavyo kila mahali kwetu: walikata makuti na kuyatandaza wasichafue viatu. Gurudumu la mbele lilipanda makuti yale na gari likaanza kwenda pembeni. Halikuwa jambo kubwa. Tonton angelirudisha kwa mkono mmoja huku akidai nauli.

Mkono wangu wa kushoto uliondoka kwenye usukani. Sikuutuma. Ulishuka karibu na paja na kupiga kofi.

Fimbo ya gia ilikuwa kwenye gia ya pili. Kofi liliisukuma mbele, ikatoka. Injini ilipiga ukelele na gari likawa halina nguvu yoyote, likateleza kama kitu kilichotupwa, likaingia mtaroni na kugusa mti kwa taa ya kushoto. Nilisikia kioo kikianguka kidogo kidogo. Na mimi, naandika hili uso ukiniwaka, nilipiga tena. Nikapiga tena. Nilikuwa nangojea mstari mweupe.

Watu walifika mbio. Wanaume kwa wanawake waliingia mtaroni, mmoja akihesabu "un, deux, trois," wakasukuma. Gari lilirudi barabarani. Likasimama, kwa kuwa sikufanya lolote. Mzunguko ulikuwa umeshaharibika. Sikuona kilichobaki cha kufanya nao.

"Dada, tia gia! Tia gia!" walinipigia kelele waliosukuma.

Yule mama wa ndizi alipiga paa la gari kwa kiganja. "Unangojea nani? Endesha!"

Nikaendesha. Sikuwahi kuendesha mzunguko wenye kosa mpaka mwisho, na sikujua unaendeshwaje. Niliogopa kila kona kana kwamba sijawahi kuiona. Gari jekundu lilinipita, dereva akapunga kofia yake nje. Nilifika wa tano, na wale wawili wa nyuma yangu walikuwa wameharibikiwa.

Tonton alikuja akikimbia. Hakutazama taa. Aliingiza kichwa dirishani, akanishika shavu.

"Umeumia? Hapana? Ilikuwa nini?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Nakumbuka muda huo vizuri, ulikuwa mrefu.

"Gia ilitoka yenyewe."

"Yenyewe?"

"Ya pili. Ilitoka yenyewe, tonton."

Akaitazama fimbo ile kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyeiba. "Iko namna hiyo tangu lini?" akaiuliza.

Jumapili sikuenda misa. Nilisema kichwa kinaniuma. Jumatatu, ile lundi yenyewe, gari halikutoka. Mama alileta habari kutoka sokoni: tonton hakuthubutu kubeba watu na gari ambalo gia yake hutoka yenyewe. Ameshusha sanduku la gia, analifungua. Jumanne vilevile. Niliwasha jenereta, nikakaa mbele ya skrini bila kugusa kitu, mpaka nusu chupa ikaisha.

Jumatano mama alinipa sahani mbili zilizofunikiana, lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki, nipeleke kwa tonton. "Tangu lundi hakuna kitu mle ndani ya nyungu yao," alisema. Hakunitazama aliposema hivyo, nami sikujua kama alijua.

Nilimkuta uani ameketi chini. Sanduku la gia lilikuwa limefunguliwa juu ya turubai, meno na vyuma vimepangwa kwa mstari, kila kimoja kimeoshwa kwa petroli. Alikuwa ameshika uma wa gia ya pili, kipande kile kinachosukuma gia mahali pake, akikigeuza kwenye jua. Mkewe alikuwa akibandika maji ambayo sikuona yatapika nini.

"Mama, kuya," akaniita nisogee, maana kwetu hata msichana huitwa mama. "Angalia. Haijalika. Meno yote iko muzuri. Minatafuta siku tatu, sioni." Aliweka kile chuma chini. "Unisamehe. Nilikupa mutuka ya mubaya. Ungekufa kwa ile muti, ningemwambia papa yako nini?"

Aliniomba msamaha. Mimi.

Sahani zilikuwa moto mikononi mwangu. Nilisema hivyo hivyo nikiwa nimesimama, bila mpangilio, kwa Kiswahili na Kifaransa vikigombana: mkono, kitufe, kofi, kigoda, kwamba gia haikutoka, niliitoa mimi, kwamba hata kwenye mbio za mtandao ilikuwa hivyo, sikushindwa na mtandao.

Tonton alipokea sahani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaita watoto, akawagawia. Mkewe ndiye aliyeanza.

"Siku tatu! Mutu analala chini ya mutuka siku tatu, sababu mademoiselle alipiga kofi!"

"Wacha kwanza," tonton alisema. Alitafuna polepole. "Ulipiga na mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Onyesha."

Nilikaa kwenye kigogo, nikashika usukani wa hewani, nikaonyesha. Kofi lilitua pajani. Mmoja wa watoto akacheka, akaniiga. Wote wakaanza kupiga mapaja yao. Tonton alitazama mkono wangu kwa muda, na nilitamani anipige.

"Kwa balenyeri," akasema, na hilo ndilo jina la zile mashua za mbao, "ukikosea katikati ya mayi, unarudi Yanonge kuanza tena?"

"Hapana, tonton."

"Unafanya nini?"

"Sijui."

"Sasa njo ile mi minaona. Hujui." Akasukuma ufunguo wa kukazia bolti, wa namba kumi na nne, kwa mguu mpaka ukafika karibu na kiatu changu. "Kamata. Weye njo ulifungua hii boîte. Weye njo utafunga."

Tulifunga sanduku la gia mpaka jua likaegemea. Alinitajia kila chuma, mimi nikakitia. Nilipokosea aliniambia nikitoe, nitie tena, bila kupandisha sauti. Tulipomaliza, na sanduku liko mahali pake chini ya gari, niliitazama turubai. Palikuwa na bolti moja.

"Tonton. Kuna moja imebaki."

Aliinama akaitazama. "Eh, njo vile."

"Inatoka wapi?"

"Kila mara inabakiaka moja."

"Lazima tufungue tena. Tuanze upya."

Mkewe alicheka hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko cha hasira. Tonton alipita upande wa pili wa gari, akakagua kwa vidole matundu yote, moja baada ya jingine, akivuta na kutikisa, kisha akawasha injini, akatia ya kwanza, ya pili, akatembeza gari uani mpaka kwenye mhogo na kurudi. Akachukua ile bolti na kuiangusha ndani ya kisahani cha majivu ya sigara cha garini.

"Samedi utaendesha," alisema.

"Mbio?"

"Mbio? Na hii mukono?" Akashika kiganja changu cha kushoto, akakigeuza kama alivyougeuza ule uma. "Taxi. Samedi tatu. Utarudisha siku yangu tatu. Nyuma ya ile, tutaona."

Ndivyo nilivyopata gari la kweli. Jumamosi ya kwanza nilibeba mama wawili wenye mabeseni ya samaki kutoka upande wa Wagenia, wavuvi wa mtoni, na mseminari mmoja aliyeomba kushuka kabla hatujafika kwake. Nilikosea kwenye mzunguko wa barabara, nikazima injini, pikipiki zikanizunguka zikipiga honi. Mkono wangu wa kushoto ulitaka kuondoka. Niliukalia. Naandika kama ilivyokuwa: niliuweka chini ya paja na kuukalia mpaka ulipotulia, kisha nikawasha.

Ile bolti ilizunguka katika kisahani kila nilipokunja kona. Ting upande huu, ting upande ule. Nikifunga breki kwa pupa ilipiga mbele. Nikiachia klachi vibaya ilirudi nyuma. Hakuna chombo sebuleni kwetu kilichowahi kuniambia hayo. Kufikia Jumamosi ya pili nilikuwa nimeanza, bila shaka, kujaribu safari nzima bila bolti kusikika hata mara moja. Nilianza hata kuziandika daftarini.

Jumamosi ya tatu, asubuhi, papa alipiga simu: amefika Bafwasende, kamyo imekwama matopeni lakini yeye mzima. Niliendesha nikiwa na habari hiyo kifuani, polepole, kisahani kimya tangu sokoni mpaka Kabondo, safari safi kabisa. Kisha mbuzi akavuka. Nikafunga breki, bolti ikaruka nje ya kisahani, ikaanguka chini ya viti, na nilisimama nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikijua kwamba safari imeharibika.

Mama aliyekuwa nyuma na beseni lake la mihogo alinigonga begani.

"Dada, mbuzi ilikwisha pita."

Tonton, aliyekuwa kando yangu amejifanya amelala, hakufumbua macho. Nilitia gia ya kwanza. Bolti ilibiringika chini ya viti mpaka tulipofika, na sikuiokota.